Kukauka si kufa: mwongozo kamili wa kutumia topekinyesi shambani bila kupanda minyoo

Mama mmoja anayelima mchicha na matembele bondeni, pembeni mwa jiji, aliniwekea mkononi bonge la topekinyesi, yaani tope la vyooni lililokaushwa, alilonunua siku mbili nyuma. Jeusi, kavu, limepasukapasuka kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi. "Nusa, mwanangu. Lina harufu?" Halikuwa na harufu. "Na walioniuzia wamesema limeshatibiwa." Nikalivunja. Nje lilikuwa kavu kama gome la mti, ndani lina unyevu, na katikati ya unyevu ule palikuwa na mbegu ya nyanya imechipua, kimche cheupe chembamba kama uzi.

Mbegu ile ilipita tumboni mwa mtu, ikakaa shimoni, ikanyonywa na gari, ikamwagwa kwenye kitanda cha kukaushia tope, ikaanikwa juani, na bado ikaota. "Mama," nikamwambia, "kama mbegu imevuka yote hayo salama, hatuna sababu ya kuamini kwamba yai la mnyoo wa mchango limekufa."

Mbolea hii ni nzuri. Ina naitrojeni, ina fosforasi, na inarudisha uhai kwenye udongo uliochoka kwa namna ambayo mfuko wa chumvichumvi hauwezi. Sitaki mkulima yeyote aiache. Nataka aimalizie kazi iliyoachwa nusu huko ilikotoka, kwa sababu mara nyingi neno "limeshatibiwa" maana yake ni kwamba limeshakaushwa tu. Haya ninayoeleza yanahusu tope lililopita kwenye mabwawa au vitanda vya kukaushia. Tope bichi linalotoka chooni moja kwa moja halimwagwi juu ya shamba.

Kilichomo ndani ya tope

Wamo bakteria: Salmonela, Shigela wa kuhara damu, E. koli, na palipo na mlipuko, kipindupindu. Wamo virusi, kama vile vya homa ya ini aina ya A na rota inayoharisha watoto. Wamo protozoa, yaani amiba, giadia na wenzao. Na kuna mayai ya minyoo: mchango, mjeledi, safura, tegu.

Katika wote hao, mchango ndio wa kutazama kwanza. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Yai lina ganda la tabaka kadhaa, na tabaka la nje linanata, ndiyo maana kusuuza mchicha kwa maji ya bomba hakuliondoi lote. Likitoka tumboni bado halijaiva. Linahitaji wiki mbili hadi nne hivi kwenye udongo wenye joto na unyevu ndipo liweze kumwambukiza mtu, na baada ya hapo linaweza kuishi ardhini kwa miaka. Klorini ya kawaida ya kusafishia maji hailiui.

Jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa ni hili: bwawa la majitaka linasafisha maji kwa kuyaacha mayai yazame. Mayai ni mazito, yanatua chini. Maji yanayotoka upande wa pili yanaweza kuwa hayana yai hata moja, na mtaalamu akajivunia kwa haki. Lakini mayai hayajaenda kokote. Yamehamia kwenye tope la chini, lile lile linalochotwa, kuanikwa na kuuzwa. Kwa hiyo tope ni mahali mayai yalipokusanyika.

Bakteria wengi hufa mapema kwa ukavu na muda. Ndiyo maana cheti kinachosema "bakteria wameshuka" hakikuambii lolote kuhusu mayai. Upande wa pili, bakteria wana ujanja ambao yai halina: wakibaki wachache wakiwa hai, kisha tope likalowa tena kwa mvua, Salmonela wanaweza kuzaliana upya humo humo.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kulipa

Usiulize "limetibiwa?" Utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: tope hili lilianikwa lini, na ni lini mara ya mwisho liliongezewa tope jipya juu yake? Lilifikia joto gani, na nani alipima? Lilipimwa mayai ya minyoo, au bakteria tu? Magari yanayomwaga hapa yanatoka majumbani tu, au na viwandani?

Sehemu ya pili ya swali la kwanza, ile ya tope jipya, ndiyo inayofichua mengi. Tope la miaka mitatu lililoongezewa gari moja wiki iliyopita ni tope la wiki moja. Kwa sababu hiyo hiyo, tope kukaa miaka kumi kwenye karo la nyumbani si tiba. Kila siku kuna kipya kinachoshuka juu yake.

Swali la viwanda ni la madini mazito: risasi, kadimiamu, kromiamu ya viwanda vya ngozi. Hayo hayafi kwa joto wala kwa muda. Kama mtambo unapokea maji ya viwandani na hakuna kipimo cha madini, mimi nisingelichukua tope hilo kwa shamba la chakula, na sina zaidi la kusema hapo.

Hatua ya pili: jua kipimo unachokitafuta

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu matumizi salama ya majitaka na kinyesi katika kilimo, lilitaka yai hai lisifike 1 kwa kila gramu ya tope kavu, na E. koli wasifike 1,000 kwa gramu. Shika namba hizo mbili.

Marekani wana kanuni yao ya mwaka 1993 inayogawa tope katika madaraja. Daraja A ni lile ambalo vimelea wameshushwa hadi karibu hawaonekani: bakteria wa kinyesi chini ya 1,000 kwa gramu kavu, au Salmonela chini ya 3 kwa gramu 4, na mayai hai ya minyoo chini ya 1 kwa gramu 4. Daraja B linaruhusiwa kuwa na bakteria wa kinyesi hadi 2,000,000 kwa gramu, na halina ukomo wowote wa mayai. Yote mawili kwa sheria yanaitwa tope lililotibiwa. Tofauti ni kwamba mwenye Daraja B analipa kwa kusubiri shambani, na nitalieleza hilo mbele. Tope letu la vitanda vya kukaushia, kama halikupata joto wala kulazwa muda mrefu, lihesabu kuwa Daraja B, tena ukibahatika.

Hatua ya tatu: limalizie mwenyewe

Kuna njia tatu: joto, muda, chokaa. Ninaipenda njia ya joto kuliko zote kwa sababu unaweza kuipima kwa macho yako siku hiyo hiyo.

Joto na muda hubadilishana. Kwa hesabu ya kanuni hiyo ya Marekani, tope zito linahitaji siku 13 kwa nyuzi 50 za Selsiasi, siku mbili na nusu na ushee kwa nyuzi 55, saa 13 hivi kwa nyuzi 60, na nusu saa kwa nyuzi 70. Angalia pengo la kati ya 50 na 55. Nyuzi tano tu zinakata siku kumi. Kwa hiyo neno "lundo lilipata moto" halitoshi.

Joto hilo unalipata bure kwenye lundo la mboji. Changanya ndoo moja ya tope na ndoo tatu za taka za sokoni, majani, mabua yaliyokatwakatwa au maranda. Uwiano kama huo ulijaribiwa Kumasi, Ghana, kwa tope la vyooni na taka za soko. Tope peke yake halichemki, linabanana na kukosa hewa. Ukiwa umevaa glavu, kamua konzi moja ya mchanganyiko: yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, ongeza maranda. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji safi.

Lundo liwe na kimo cha mita moja na nusu na upana wa mita mbili. Watu wanapenda kuanza na kijilundo cha majaribio cha kimo cha goti, halafu wananiambia mboji haipati joto. Lundo dogo linapoteza joto pembeni haraka kuliko linavyolizalisha.

Nunua kipimajoto chenye mkia mrefu wa chuma, kisichopungua nusu mita. Wengine hutumia nondo: unaichomeka dakika kumi, unaichomoa, unaishika. Nondo inakuambia kwamba kuna joto, haikuambii kama ni 48 au 56, na umeona pengo hilo lina maana gani. Pima katikati, pima karibu na ukingo, pima chini karibu na ardhi, kila asubuhi kwa saa ile ile, uandike kwenye daftari.

Lengo la lundo la kugeuzwa ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo uligeuze angalau mara tano. Siku ambayo joto limeshuka chini ya 55 usiihesabu. Kugeuza ndiko kunakofanya kazi yenyewe, kwa sababu ukingo wa lundo haufiki nyuzi 55 hata mara moja. Mayai yaliyoko nje yanaota jua tu. Kwa hiyo unapogeuza, komba ganda la nje na tabaka la chini kabisa, ulitupe katikati ya lundo jipya; kilichokuwa katikati kiwe nje. Ukigeuza kwa kusogeza tu kutoka kushoto kwenda kulia, ukingo unabaki ukingo na mayai yake.

Alfajiri ya siku ya nne au ya tano, lundo lililojengwa vizuri linatoa mvuke ukilifungua, na beleshi linatoka na moto wake. Nafurahi kila ninapouona mvuke ule.

Baada ya siku 15 liache lipoe na kukomaa mwezi mmoja au miwili, limefunikwa turubai. Na hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Beleshi lililochota tope bichi jana linachota mboji leo. Kuku wanapekua huku na huku. Maji yanayochuruzika kwenye lundo bichi yanapita chini ya lundo lililoiva. Weka zana mbili tofauti, zipake rangi mbili tofauti ili hata kibarua mgeni asikosee, na lundo lililoiva likae upande wa juu wa mteremko. Yote yawe mbali na kisima, mita 30 kwa uchache.

Kama huwezi kugeuza lundo, lilaze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka zaidi ya mwaka mmoja pale joto la hewa likiwa kati ya nyuzi 20 na 35, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili pale lilipo chini ya 20. Tope likilala Tanga penye joto si sawa na likilala Njombe au Limuru penye baridi. Na hesabu inaanza siku ulipoongeza beleshi la mwisho, basi tenga malundo kwa tarehe na usiyaunganishe.

Chokaa inasemwa sana na kueleweka kidogo. Ukichanganya chokaa hadi pH, yaani kipimo cha uchachu au ukali wa magadi, ifike 12 na kubaki hapo saa mbili, kisha isishuke chini ya 11.5 kwa saa 22 zinazofuata, umewamaliza bakteria wengi na virusi wengi, na nzi hawalitaki tena. Mayai ya mchango yanaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Kinachoyaua ni chokaa isiyozimwa ikitumika kwa wingi kiasi cha kuchemsha tope: pH zaidi ya 12 kwa saa 72, na ndani ya saa hizo joto la nyuzi 52 kwa saa 12, kisha kulianika hadi nusu ya uzito wake iwe ni yabisi. Chokaa hiyo inaunguza ngozi na inapofusha. Kwa mkulima wa kawaida, bila miwani na bila karatasi za kupimia pH, siishauri.

Hatua ya nne: pima

Chota sehemu kumi za lundo, za juu, za kati na za chini. Changanya kwenye turubai safi, gawa mafungu manne, tupa mawili ya mkabala, changanya yaliyobaki, rudia hadi ubaki na nusu kilo. Tia kwenye chombo kipya, weka kwenye kasha lenye barafu bila kuligandisha, na lifike maabara ndani ya saa 24.

Sema wazi unachotaka: E. koli, na mayai ya minyoo yaliyo hai. Neno "hai" ndilo la muhimu. Maabara ikihesabu mayai tu kwa hadubini, yaliyokufa na yaliyo hai yanahesabiwa pamoja. Ili kujua yapi yana uhai wanayatamia kwa wiki tatu hadi nne waone kama kuna lava, yaani mnyoo mchanga, anayekua ndani. Kwa hiyo peleka sampuli mapema kabla ya msimu.

Huna fedha ya maabara? Jaza kopo kwa mboji yako, mwagilia, weka pajoto kivulini wiki mbili. Miche ya nyanya ikiota, joto halikufika kila mahali. Rudisha lote kwenye lundo. Isipoota, hilo si thibitisho la usalama, bado fuata masharti ya shambani.

Hatua ya tano: shamba na kusubiri

Mboji iliyofikia kipimo itie kabla ya kupanda, uifukie, na upishe angalau mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Usiinyunyizie juu ya majani yanayokua. Usiimwage masika yakiwa yameshaanza, wala ndani ya mita 10 za mto au mfereji.

Kwa tope lisilofikia kipimo, la aina ya Daraja B, kanuni ya Marekani inatoa nyakati za kusubiri ambazo naziona za busara hata kwetu. Mahindi, mtama, alizeti, pamba: siku 30 kabla ya kuvuna. Mazao yanayogusa udongo lakini yanazaa juu ya ardhi, kama matikiti, nyanya zinazolala na mchicha: miezi 14. Mazao ya chini ya ardhi, karoti, vitunguu, viazi: miezi 20 kama tope lilikaa juu ya ardhi miezi minne au zaidi kabla ya kulimiwa ndani, na miezi 38 kama lilifukiwa mapema kuliko hapo.

Soma tena hiyo ya mwisho, kwa sababu inakwenda kinyume na mkono wa mkulima. Sote tulifundishwa kufukia haraka. Lakini juu ya ardhi yai linapigwa na jua, linakauka, linapata joto la mchana. Ukilifukia umelipa kivuli, unyevu na joto la wastani, yaani nyumba. Ndiyo sababu kulifukia mapema kunakugharimu mwaka mmoja na nusu zaidi. Hilo la kuliacha juu linafaa kwenye uwanda ulio mbali na makazi na maji, wakati wa kiangazi, pasipo watoto na mifugo kupita. Penye mteremko, mvua ya kwanza italishusha kwa jirani.

Maembe na machungwa yako juu, hayana shida, isipokuwa yaliyoanguka. Ng'ombe wakae nje siku 30 kwa uchache. Ng'ombe akila majani yenye yai la tegu, anabeba malengelenge kwenye nyama, na mtu anayala kwenye mshikaki usioiva. Tegu wa nguruwe ana hatari zaidi, kwa kuwa mtu akimeza yai lake moja kwa moja, malengelenge yanaweza kujenga kwenye ubongo na kuleta kifafa. Nguruwe wafungiwe, kabisa.

Mwili wako

Buti za mpira, kila mara, kwa sababu lava wa safura anaingia kwa kutoboa ngozi ya unyayo. Glavu nzito. Tope kavu lina vumbi, linyunyizie maji kidogo kabla ya kulivunja na uvae barakoa. Usile wala kuvuta sigara kazini. Nguo za kazi zisifuliwe na nepi za mtoto. Sabuni na maji yanayotiririka, kucha fupi. Na zungumza na mhudumu wa afya kuhusu dawa ya minyoo kwa wote mnaofanya kazi hii. Albendazo ya miligramu 400, dozi moja kwa mtu mzima, ndiyo inayotolewa sana kwa mchango.

Kama umeshalimwaga

Yule mama alikuwa ameshalimwaga kwenye matuta manne. Hatukung'oa kitu. Mchicha uliokuwa umesimama tulikubaliana usiuzwe wala kuliwa, ukatwe uingie kwenye lundo. Tope lililobaki kwenye viroba, saba, tulilichanganya na taka alizoletewa na toroli kutoka sokoni. Siku ya tano kipimajoto kilisoma 58, na akaita jirani zake waje waone.

Matuta yale manne yamepandwa mahindi. Alichonga kibao, akakichomeka mwanzoni mwa tuta la kwanza, na kwa mkaa akaandika tarehe aliyomwaga, na chini yake tarehe ya miezi 38 mbele, ili hata akiumwa au akisafiri, mwanawe asipande karoti pale.